Wapishi wa Ukutani

Wiki iliyopita, nikimtandikia kitanda bibi ninayemtunza huko mtaa wa Ganshoren, niliona picha ya kale ya wanaume waliovaa aproni na mishipi ya sherehe. Nilikaa kidogo, miguu iliniuma.

Nilipokuwa na miaka saba, mama alifanya kazi ya kusafisha ukumbi wa chama fulani cha wanaume, uliojaa picha kama ile. Palinukia nta na moshi wa sigara za jana. Siku moja nikiwa naye, nikamwuliza, "Maman, hawa ni bapishi?"

"Ndiyo, bapishi," alijibu kwa uchovu bila kugeuka.

Basi alipoingia mzee mmoja wa chama, nilimwuliza kwa Kifaransa kama wamebakiza chakula, maana maman hajala tangu asubuhi. Kitambaa kikatulia mkononi mwa mama. Mzee alimtazama, akasema taratibu, "Inatosha, madame. Nendeni nyumbani."

Ukubwani nilikuja kujua kwamba aproni zile si za jikoni bali ni vazi la sherehe la udugu wao wa siri, na kwamba siku ile mama alifukuzwa kazi kwa sababu ya swali langu. Mwenyewe hakunieleza kamwe. Alasiri ile, ndani ya tramu, aliegemeza kichwa dirishani akafumba macho, nami nikafurahi kwamba mzee amemhurumia, hatimaye anapumzika.