Mlango Usio na Mtumiaji

Mume wangu wanamwita Mfagizi. Jina alijipachika mwenyewe. Jirani yetu fundi bomba alimuuliza anafanya kazi gani hiyo ya kukaa kitako kutwa, naye, kwa uvivu wa kueleza, akajibu, "Nafagia." Likaganda. Siku hizi hata binti yetu humwamkia, "Shikamoo Mfagizi," na yeye huitikia bila kuinua macho.

Mimi ni fundi wa kutarizi: nembo za shule, majina kwenye mashuka ya hoteli, mikanda ya wahitimu. Kazi yangu ikiisha unaishika mkononi. Ya kwake sijaiona hadi leo, lakini nimeisikia miaka minne mfululizo, naweza kuifundisha.

Iko hivi. Chini kabisa ya kompyuta kuna programu mama, wao wanaiita kiini. Programu nyingine zikitaka nafasi ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, sharti zipige hodi kwa kiini, na zikimaliza zirudishe. Mlango ungetosha mmoja. Lakini kiini kimeandikwa na maelfu ya watu kwa miaka na miaka, na kila fundi aliyepita alitoboa wa kwake: huu wa nafasi kubwa, huu wa ndogo, huu unaosafisha nafasi kabla ya kukupa, huu ambao hata aliyeutoboa hakumbuki alitaka nini. Mume wangu alikuta milango ishirini na mitatu inayofanya kazi ya mitano. Alichotumwa ni kuwahamisha waliozoea milango ya zamani, kisha kuiziba, mmoja mmoja.

Kuziba ati ndiyo raha. Taabu ni kuuliza. Desturi yao, huwezi kugusa mlango kabla hujawaandikia mafundi wote wa kiini barua pepe: jamani, nani anautumia huu? Halafu unasubiri. Watu asiowahi kuwaona wanamjibu kwa ukali, huyu hapendi jina, yule anataka kazi ikatwe vipande vidogo zaidi, na yeye anarudia. Mlango mmoja ulimla matoleo kumi na tisa ya kazi ileile. Anatoka mezani macho mekundu, mgongo umepinda, hoi bin taaban. Namwekea chakula, anakula huku anatazama ukuta. Nikimsemesha anajibu "mm". Mimi nimeolewa na "mm" miaka minne, na sioni haya kusema nimechoka kuliko yeye.

Aliniahidi kitu kimoja. Mlango wa mwisho ukizibwa, anaiachia hapo, anahamia idara nyingine kazini kwao, yenye saa za watu wenye akili timamu. Basi na mimi nikawa nahesabu milango.

Ule wa mwisho aliuulizia mara tatu kwa miezi minane. Kimya. Akapekua kiini kizima, hakuna anayeugonga. Akauziba, mtunzaji mkuu wa kiini akaikubali kazi, zikabaki siku tisa toleo jipya la kiini litoke. Yeye, kwa kawaida yake, akaliweka kwanza kwenye kompyuta za nyumbani kulijaribu.

Asubuhi nikawasha cherehani yangu ya kutarizi, inayoongozwa na kompyuta. Nilikuwa na nembo mia mbili za shule. Taa iliwaka, fremu ikatetemeka kidogo, sindano haikushuka. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha sindano, nikakagua uzi, nikaichapa kofi la kirafiki. Wapi.

"Baba watoto," niliita, "umefanya nini kwenye kompyuta yangu?"

Ile cherehani ni kuukuu kuliko ndoa yetu, na kiwanda chake kilishafungwa. Tulipooana ilikuwa haisemezani na kompyuta yoyote. Yeye, wakati huo ana nywele, alikaa sakafuni kando yake wiki tatu, akaiandikia programu ndogo ya kuwapatanisha. Hakuipeleka kwenye kiini chao, aliona aibu, aliiandika ovyo ovyo. Ikabaki kwangu tu, ikifanya kazi kila siku, nasi tukaisahau.

Alikuja na kikombe mkononi, akafungua maandishi yake kwenye skrini, akasoma. Nikamwona anavuta kiti changu na kukaa bila kuomba.

"Inatumia ule mlango," alisema.

"Upi?"

"Ule ambao hakuna anayeutumia."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa ameuliza dunia nzima mara tatu, na mimi niko chumba cha pili, hatua sita. Mimi hakuniuliza.

Na bado. Kiini kinatunza jina la aliyeandika kila mstari, hata ukishafutwa. Juu ya mlango ule palikuwa na maelezo mafupi aliyoyafuta pamoja nao, kwa uchovu, akidhani ni porojo za fundi fulani wa zamani. Akanisomea: "Kuna mtumiaji mmoja ambaye hayumo humu. Ukitaka kuuziba, muulize kwanza." Tukatafuta aliyeandika. Ni yeye, mwaka uleule wa sakafuni.

Damu ilinichemka. "Mtu mzima ovyo," nikamwambia. "Ulinikumbuka kwa maandishi, ukanifuta kwa maandishi."

Nusu saa baadaye alishanirudishia kiini cha zamani, sindano ikashuka, nembo zikaendelea. Lakini hiyo ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu tu. Kompyuta yangu ikifa, kompyuta mpya haitakubali kiini cha zamani, na cherehani itakuwa imekufa nayo.

Jioni akasimama mlangoni kwangu. "Mama watoto, sheria yetu haimhesabu mtumiaji aliye nje. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini nimeandika barua ya kuomba mlango urudishwe. Ikienda, kazi inafunguliwa upya, labda mwaka mzima. Sijaituma. Nakuuliza wewe. Nataka kuuziba mlango huu. Una pingamizi?"

Aliuliza vilevile anavyowauliza wale wa barua. Nikamwambia anisubiri mpaka Ijumaa. Wenzake aliwasubiri miezi minane, siku nne hazitamuua.

Ukweli, nilitaka kumkomoa. Niliifikiria cherehani yangu, iliyosomesha mtoto. Kisha nikaufikiria mwaka mwingine wa "mm", nikaona hapo nitakayekomoka ni mimi.

"Ziba," nikamwambia Ijumaa. "Ila programu yangu utaiandika upya, ipitie mlango mpya. Na utaiandikia hapa, kando ya mashine, si kwenye meza yako."

"Magoti yangu hayawezi tena sakafu."

"Leta kiti."

Akaleta. Siku ya kwanza alisinzia ameegemeza kichwa kwenye cherehani, mdomo wazi. Nikaizima, nikamwacha, nikashona vifungo kwa mkono. Toleo lao likatoka bila ule mlango. Hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyempongeza.

Siku ya kumi na moja sindano ilishuka kwa kiini kipya. Hakushangilia, wala mimi. Safari hii programu aliituma kwa wenzake iingizwe kwenye kiini, aibu au si aibu, ili mfagizi ajaye akihesabu watumiaji, nami niwemo. Kisha akageuza kiti, akanitazama usoni.

"Kuna kingine unachotumia humu ndani ambacho sikijui?"

"Wewe," nikamwambia. "Miaka minne nagonga, hujibu."

Hakusema "mm". Halafu akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa changu, akaniuliza uzi mweupe nimeuweka wapi, maana uliokuwa kwenye mashine ulikuwa unakaribia kuisha.