Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe Akiwa Rangi Mbichi

Jamani, kuna aibu za kusahaulika na kuna aibu zinazokungoja sokoni zikuulize habari za nyumbani, na hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa Nunguni, maana huko wanaitia chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji).

Mimi ni fundi wa kuchora mabango. Ukipita Tawa ukaona ng'ombe anatabasamu kwenye ukuta wa buchari kana kwamba hajui kinachouzwa ndani, huyo ni wangu. Sasa mwaka juzi nikaanza kuona kwenye simu kazi za wachoraji wa siku hizi, wale wanaomchukua mwanadamu wakamfungua na kumfunga upya watakavyo, mkono unatokea mgongoni, jicho liko tumboni, na watu wenye akili zao wanasimama mbele yake wameshika kidevu. Nikasema, kumbe! Miaka yote hii wateja wananilaumu kwamba watu wangu wamepinda, kumbe nimewatangulia tu.

Basi yalipotangazwa maonyesho ya vijana wenye vipaji katika ukumbi wa soko la Nunguni, nikachora mwanamke mrefu kunishinda, ameinama anapalilia, kichwa ni kibuyu, uso hana, titi moja linaelekea Machakos na lingine mjini Wote. Nguo sikumvisha, nilitaka mwili wenyewe uongee. Shida ikawa miguu. Mimi sijui kuchora vidole vya miguu (ndiyo maana ng'ombe wangu wote wamesimama kwenye nyasi ndefu), na asubuhi ya siku yenyewe vidole bado vilikuwa viazi vitupu, nikaamua jambo dogo tu: mguu wa kushoto nikauvisha gambuti nyekundu, wa kulia sapatu ya buluu. Nikajipongeza. Wala sikujiuliza wazo hilo limetoka wapi.

Sasa lazima mjue kwamba Jumamosi iliyokuwa inafuata nilikuwa nipeleke mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, mchumba wangu, na kwetu Ukambani bila ntheo wewe na huyo msichana ni marafiki tu hata mkiwa na wajukuu. Na mama yake Mwende, tangu jembe limkate mguu wa kushoto, hulima na gambuti nyekundu mguu huo na sapatu ya buluu mguu ule mwingine, na Nunguni nzima inamjua hivyo. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili, kwa mbali, shambani, nikageuza macho upesi, maana mtu na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya aibu: hamshikani mikono, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Macho niliyageuza, lakini ile gambuti ilikuwa imeshaingia kichwani ikatafuta mahali pa kukaa.

Siku ya maonyesho pasta akafungua kwa maombi, na nyuma yake imesimama kwaya ya akina mama. Sikujua mama yake Mwende anaimba. Pasta akasema amina, akafumbua macho, akakutana na picha yangu, akayafumba tena. Kisha mama mmoja wa kwaya akapaza sauti:

"Ngai! Si hii ni gambuti ya Mama Mwende?"

"Ni yeye!" mwingine akadakia. "Hata kuinama ni yeye!"

Mwende alikuwa kando yangu. Akanikaba mkono.

"Mutuku, umemchora mamangu uchi?"

"Si mamako," nikasema, "ni mwanadamu kwa jumla."

"Mwanadamu kwa jumla anavaa gambuti ya mamangu?"

Watu wakaanza kutoa simu. Ningeweza kuigeuza picha ikatazama ukuta, ningeweza kuomba gunia, lakini akili ilishaniaga, nikairukia, nikatandaza mikono, nikaikumbatia yote, kifua kwa kifua, shavu kwenye kibuyu, huku nikipiga kelele, "Msipige picha! Mheshimuni mama!" (Hapo nikawa nimekiri.) Nikasahau kwamba rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukauka. Waliponivuta nyuma, shati langu jeupe, lile la ntheo, lilikuwa limenakili kila kitu, la Machakos limehamia Wote na la Wote limehamia Machakos.

"Amemkumbatia mama mkwe!" mzee mmoja akatangaza. "Mbele ya pasta!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikageuka nikamwona Mwende ameketi sakafuni, analia, na hapo niliogopa kwelikweli, nikaona ndoa yangu inaondoka hivihivi kwa sababu ya viatu.

Kwaya ikapasuka katikati, mama yake akatoka. Hakunitazama. Akasimama amenipa bega, akaongea na ukuta.

"Mwende, muulize huyo, mimi nilimkosea nini?"

"Mutuku, mama anauliza alikukosea nini," Mwende akasema kwa kwikwi, kana kwamba mimi niko mbali huko Kyuso.

"Mwambie hakunikosea. Mwambie vidole vya miguu vilinishinda kuchora."

"Mama, anasema vidole vya miguu vilimshinda."

Mama akautikisia ukuta kichwa.

"Haya, muulize. Na hizo sehemu zingine zote, alizijulia wapi?"

Hata pasta alilazimika kutoka nje.

"Mwambie Jumamosi aje," mama akaendelea, mabega yakimtikisika, sijui kwa hasira au kwa kicheko. "Lakini alete na mbuzi mwingine, wa nthoni. Na hilo shati aje nalo, nilichome mwenyewe."

Nilienda nalo, akalichoma nyuma ya jikoni, na Mwende ni mke wangu. Nami nimeapa: sitachora tena binadamu, awe mzima au amefunguliwa, awe na uso au kibuyu; ng'ombe wananitosha. Ila kiapo changu pale ukweni hakuna anayekiamini. Kila nikibisha, mlango wa jikoni unafungwa, na sauti inatokea dirishani: "Mwende, muulize huyo kama amekuja na brashi, nitafute kitu cha kujifunika."