Nilivyostaafu Kuchonga Mihuri ya Viazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu, viazi vitamu na ahadi. Aliyenikabidhi ni mama mdogo, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapambo ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu anayeolewa, hapa kwetu Pasiansi.

"Shule mmefunga. Utapiga chapa vitambaa vyote vya meza. Vikipendeza, MC atalitangaza jina lako."

Jina langu! Hadharani huwa linatajwa na mwalimu wa nidhamu tu. Nikakubali bila mshahara.

Nyie mnaokuja nyuma yangu, mjue kazi ilivyokuwa. Kiazi hukatwa katikati kwa mkato mmoja, la sivyo chapa inatoka na mapengo. Unachonga pembeni ili umbo libaki limeinuka. Hilo ndilo linaloshika rangi. Bamia nayo hupigia chapa, ila haihitaji fundi, ukiikata tu ua limo ndani. Mimi nilichonga samaki, sangara, gamba kwa gamba. Nikamaliza nusu ya vitambaa, nikaiweka mihuri kivulini, nikaenda dukani Nyamagana kuongeza rangi.

Narudi jioni, bibi amefika kutoka Sengerema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hivi nani kawafundisha kukata michembe minene namna ile? Ingeoza! Nimewasaidia."

Michembe, kwa msiojua, ni vipande vyembamba vya kiazi vinavyokaushwa juani. Sangara wangu wote walikuwa juu ya jiwe la moto, wamekatwa wembamba, wamejikunja kama masikio ya mbuzi.

"Mama mdogo, njoo uone unyama huu!"

"Piga hivyo hivyo. Sherehe kesho, na viazi vilivyobaki viko sufuriani."

Nikavigundisha vipande kwenye vibao vikiwa vimejikunja vile vile, nikapiga kwa hasira mpaka usiku.

Ukumbini, watu wakaacha pilau wakishangaa vitambaa. "Ona, hawa wamelala, wale wanaruka!" MC akashika kipaza sauti. Nikaweka kola sawa.

"Aliyewarusha samaki hawa ni bibi yetu kutoka Sengerema!"

Vigelegele! Na aliyeanza kuvipiga ni mama mdogo, mwajiri wangu!

"Bibi, waambie ukweli," nikamnong'oneza. "Samaki nimechonga mimi."

"Wa kwako si wale waliolala, mjukuu wangu?"

Nikastaafu palepale, kidato cha tatu, bila hata kuagwa. Bibi akanipachikia mkoba wake kwapani, akaenda kucheza. Nikaushika mpaka muziki ulipozimwa.