Nyuzi Mpya kwenye Besi ya Baba

Nyuzi za baba zilikufa kabla yake. Kila mtu kwenye kwaya ya parokia yetu alijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ukipiga ule uzi mnene wa gitaa lake la besi ulisikia kishindo kifupi, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi kisha anaondoka bila kungoja jibu. Ngoma zikianza na kina mama wakipaza sauti, hata kishindo hicho kilimezwa. Watu walimwona baba akipiga. Kumsikia, hawakumsikia.

Yeye aliona ni sawa. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu aliyezoea kazi isiyosifiwa na yeyote. Nyuzi zake zilikuwa zile laini, zilizozungushiwa ukanda bapa wa chuma, kidole kinateleza juu yake bila kelele, na tangu utoto wangu sikumwona akizibadilisha. Nikimwuliza, alinijibu kwamba nyuzi nzuri hazichoki. Nilimpenda sana baba yangu, lakini hapo alikuwa anajidanganya.

Alinifundisha mwenyewe, barazani, huku mama akilalamika kwamba bukari, ugali wetu, inapoa. Alipougua nilishika nafasi yake kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya akaniweka nyuma ya nguzo, kwa sababu aliona mwanamke mwenye gitaa mbele ya altare atawatoa watu katika sala. Nikapiga nyuma ya nguzo. Baba akafariki, nikaendelea kupiga pale pale, kwa nyuzi zile zile, karibu mwaka mzima. Baba angalau walikuwa wakimwona. Mimi hawakunisikia wala hawakuniona, na kila Jumapili nilirudi nyumbani nimenuna.

Mwaka wa msiba ulipokaribia kuisha, watu wa baba walituma habari kutoka Sakania kwamba wanakuja kutosha kilio. Ndivyo tunavyosema hapa Lubumbashi kwa kumaliza msiba: kuna misa, kuna chakula, kisha ukoo unaketi kugawana vitu vya marehemu. Hadi siku hiyo, wakasema, vitu vyake vikae kama alivyoviacha. Walivitaja kimoja kimoja: baiskeli, redio, koti la reli, besi.

Hapa inabidi nieleze nilivyozaliwa, la sivyo hasira yangu haitaeleweka. Kwa watu wa baba, mtoto huhesabiwa kwa mama yake. Kwa hiyo mrithi wa baba si mimi, ni mtoto wa dada yake. Kwa watu wa mama, ambao walishuka kutoka kaskazini kuja kutafuta kazi huku, mtoto huhesabiwa kwa baba yake. Basi hawa wananiambia mimi ni wa wale, na wale wananiambia mimi ni wa hawa. Nina pua ya baba, nina vidole vyake virefu, nina hata kisirani chake cha asubuhi, lakini kwa hesabu za wakubwa mimi si wa mtu yeyote. Nilipokuwa msichana jambo hili liliniliza. Nilipokuwa mtu mzima nikaona kwamba kama mimi si wa mtu, basi hakuna wa kunipa ruhusa wala wa kuninyima.

Kwa hiyo sikuomba. Wiki ile ya misa, nilipotoka kazini kwenye duka la dawa mtaa wa Golf, nilipanda teksi hadi katikati ya mji kununua nyuzi mpya. Nilitaka baba aagwe na besi inayosikika. Na kusema kweli, nilitaka kusikika mimi.

Duka lenyewe liliuza spika, nyaya, tochi za kuchaji, na magitaa mawili matatu yaliyoning'inia ukutani na vumbi lake. Muuzaji aliniuliza kama mume wangu ndiye aliyenituma. Nikamwambia nimejituma. Akacheka kwa adabu, akapanga pakiti tatu juu ya kioo cha meza. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi laini kama za baba. Hizi ndizo zinazofaa kanisani, alisema, hazikwaruzi, hazichubui vidole vya mwanamke. Ya pili ilikuwa ya nikeli, yenye mikunjo midogo ya waya wa mviringo, sauti yake ya wastani. Ya tatu ilikuwa ya chuma cha pua kitupu. Hii alitaka kuirudisha kabla sijaishika. Alisema inakula vile vipande vya chuma vya shingoni mwa gitaa, na inapiga kelele kidole kikihama.

Nikamwomba anifungulie. Nilipitisha ukucha juu ya uzi mnene na ukakwaruza, krrr, mpaka mteja mwingine akageuka.

"Hii inasemaka kila kitu, mama," akaniambia. "Ukikosea, kanisa yote itasikia."

"Na nikipiga muzuri?"

Alifikiri kidogo. "Nayo itasikia."

Nikamwambia anifungie hiyo. Aliniuliza mara mbili kama sitarudi kuibadilisha, nami mara zote mbili nilimwambia afunge.

Nyumbani mama alikuwa bado katika nguo nyeusi za ujane, siku za mwisho za kuzivaa. Alipoona pakiti alijua mara moja. Alisema shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye atakayeongoza ugawaji, na shangazi si mtu wa mchezo. Akikuta kitu cha ndugu yake kimefunguliwa, atasema tumeanza kuiba kabla ya kilio kutoka. Nilimjibu kwamba nyuzi zilizokufa haziibiwi. Mama hakucheka. Lakini aliniondolea vyombo mezani nipate nafasi, na kwa mama hilo lilikuwa jibu.

Nilifungua uzi mmoja, nikaweka mpya, ndipo nikagusa wa pili, ili shingo ya gitaa isiachiliwe ghafla. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo, yeye ambaye hakubadilisha uzi maishani mwake. Nyuzi zake zilikuwa nyeusi kwa jasho. Mahali pamoja tu, kwenye ule mnene, palikuwa pamesuguliwa hadi chuma kinang'aa, pale alipokuwa akirudi kila wimbo kupumzika. Niliposhika mahali pale uchungu ulinijia kwa nguvu. Halafu nikaendelea kufungua. Mama alichukua nyuzi za zamani bila kuniuliza, akazikunja vizuri na kuziweka kwenye kopo la biskuti.

Siku ya misa sikukaa nyuma ya nguzo. Nilibeba kiti changu mapema, nikakiweka mbele, upande wa ngoma, nikaunganisha waya kwenye spika na kuketi. Mwalimu wa kwaya alinitazama. Nami nilimtazama, na kwa kuwa padre alikuwa ameshaanza kuingia, hakupata nafasi ya kusema neno.

Noti ya kwanza ilitoka na kufika hadi mlangoni. Sijui niseme vipi furaha ile. Watoto waligeuza shingo, mpiga ngoma akanitolea macho kisha akatabasamu, na mimi mwenyewe niliisikia besi ya baba ikiongea kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Wakati wa matoleo nilikosea. Kidole kiliteleza na kanisa lote likasikia, kama nilivyoahidiwa dukani. Zamani ningeinamisha kichwa. Siku ile nilikiacha juu, nikaingia kwenye mstari uliofuata kwa nguvu zaidi. Shangazi alikuwa benchi la mbele. Aligeuka mara moja tu, akanitazama muda mrefu.

Baada ya chakula walikaa uani kugawana. Shangazi alikuwa na nduguze wawili, lakini aliyesema ni yeye. Baiskeli ilipata mtu, redio ikapata mtu, koti la reli likakunjwa. Mama aliketi kwenye mkeka amevaa kitenge kipya, akiangalia vitu vya mumewe vikitoka, na hakuna aliyemwuliza lolote. Hilo nalo lilikuwa linanichemsha.

"Besi nayo inaenda na sie," shangazi akasema. "Ni ya mutoto yangu."

Mtoto mwenyewe alikuwa amebaki kazini Sakania. Nilimwuliza shangazi kama anajua kupiga. Akasema atajifunza. Nikasema mimi nimeshajifunza, na aliyenifundisha ni mwenye besi.

"We hauko mutu ya jamaa ya baba yako," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenikumbusha leo ni siku gani.

Jirani mmoja alikuwa ameniambia mapema kwamba sheria ya nchi inampa mtoto haki yake, kwamba nikienda mahakamani nitashinda. Sikulitaja hilo. Sikutaka besi ya kupewa na hakimu, nilitaka wao wenyewe wanitazame usoni. Niliingia ndani, nikaileta, nikailaza mkekani mbele ya shangazi. Nikaanza kulegeza.

"Sawa, shangazi," nikasema. "Mbao ni yenu. Nyuzi ni yangu, nilinunua."

Uzi mnene ulishuka ukinguruma, ukashuka tena, mwisho ukalala juu ya mbao bila sauti. Nikashika wa pili. Nililegeza kwa hasira, lakini ndani nilikuwa naogopa vibaya sana. Kama wangeniacha nimalize, ningebaki na waya nne kwenye mfuko, sina besi, sina kiti kwenye kwaya, sina hata nguzo ya kujificha nyuma yake. Ndugu mmoja alianza kusema kwamba mtoto huyu hana adabu. Nikaendelea kuzungusha.

Nilipofika kwenye uzi wa tatu shangazi aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Wacha," akasema. Kisha, polepole: "Ile nyuzi ya ndugu yangu iko wapi?"

Nilidhani anatafuta kosa la kunishtaki. Mama ndiye aliyeinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Shangazi alitoa nyuzi, akazinusa. Alipitisha kidole gumba kwenye ule mnene, inchi kwa inchi, mpaka kikafika pale palipong'aa. Kikasimama hapo.

"Alikuwaka nakamata hapa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hapo hapo. Akasema hakuja kufuata mbao, alikuwa anataka tu kitu ambacho mkono wa ndugu yake ulikigusa kila siku. Koti la reli alilivaa kazini kwa amri ya watu, redio iliguswa na kila mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, si kwa hilo. Alizikunja nyuzi, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake, mafundo mawili. Ndugu yake alipouliza basi besi inakwenda kwa nani, shangazi alimtazama mpaka akarudi kwenye bia yake. Hakuna aliyetamka kwamba besi ni yangu. Ilibaki tu mkekani walipoinuka.

Niliwasindikiza hadi kwenye gari. Baiskeli ilikuwa imefungwa juu. Shangazi alisimama mlangoni mwa gari, mkono kwenye lile fundo.

"Sauti ya leo mu kanisa haikuwa ya ndugu yangu," akasema.

"Hapana, shangazi. Ilikuwa yangu."

"Nilisikia," akasema, akanipa mkono nimsaidie kupanda.

Jioni ile nilizikaza tena nyuzi, kuanzia ule mnene. Jumapili iliyofuata nilifika kanisani nikakuta mwalimu wa kwaya amerudisha kiti changu nyuma ya nguzo. Nikakibeba, nikakirudisha mbele.