Mtoki wa Mkimbiaji

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu ya kilima cha Kwale, na kiwanja chake cha michezo kilikuwa kimelala upande. Ukikizunguka, unapanda upande wa mabweni na kuteremka upande wa mikorosho. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni, na kila mvua iliyonyesha iliifuta. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Katika kiwanja hicho nilipata raha kubwa kuliko zote za ujana wangu, na humo humo iliniponyoka.

Mimi sikuwa mwanamichezo. Mpira niliuogopa, na kuruka juu sikuweza hata kamba ikishushwa magotini. Lakini baada ya sala ya alasiri bweni lilikuwa halikaliki kwa joto, kwa hiyo nilikwenda kiwanjani na wenzangu, nikawa nazunguka polepole peke yangu wao wakicheza. Siku moja mtu alinifikia kwa nyuma bila ya kishindo, akakimbia sambamba nami.

"Sahibu," akaniuliza, "unakimbia au unafukuzwa?"

"Nakimbia," nikajibu kwa tabu.

"Basi mbona kila hatua unageuka nyuma?"

Nilimjua, nani chuoni asiyemjua? Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtu wa Msambweni, mwana wa mwalimu wa madrasa. Mbio zake zilikuwa za maili moja, na katika wilaya nzima hapakuwa na aliyempita. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na kicheko chepesi. Tangu jioni ile akawa ananifundisha, na sijui kwa nini alinichagua mimi, labda kwa kuwa nilikuwa mbaya kuliko wote na yeye alipenda kazi.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa maana nimewafundisha wanafunzi wangu vivyo hivyo, na wewe unayesoma ukipata nafasi ujaribu, hata kama umri umekwenda kidogo. Miguu huvutwa na mikono. Ukichoka usihangaike na magoti, tikisa mikono, nayo miguu itafuata. Fungua viganja, usikunje ngumi, kwa sababu anayekunja ngumi hukaza na mabega, na akikaza mabega pumzi haipiti. Mwanzo usiwe na haraka. "Kimbia kama unakwenda harusini," alikuwa akisema, "na umeshapata habari kwamba pilau bado haijaiva." Nilicheka, na nilipocheka mabega yalilegea, nikafahamu maana yake. Baada ya miezi kadhaa niliweza kumaliza maili bila ya kusimama. Hakuna aliyenipigia makofi ila yeye.

Sasa lazima nieleze mtoki ni nini, kwa mtu asiyekulia pwani. Mtu akijikwaa, au akichomwa na mwiba, kisha akavimba tezi kwenye kinena, kwetu tunasema ana mtoki. Hakuna anayetishika. Bibi atamuuliza, "Umeumia kidole gani?" Atatazama unyayo, atakiona kidonda, atachemsha maji ya chumvi na kumkanda kwa kitambaa, na baada ya siku chache mtoto yuko nje anacheza. Sisi sote pale chuoni tulikimbia miguu mitupu, na mitoki ilikuwa jambo la kila wiki.

Kwa hiyo mwenzetu huyo mkimbiaji alipopata homa ya kutetemeka na kinena chake kikavimba, tulifanya kama tulivyolelewa. Tulitafuta kidonda mguuni mwake, tukakipata. Nani kati yetu angekosa kidonda mguuni? Tukamkanda, homa ikatoka, akarudi kiwanjani. Homa ikaja tena, mguu wa kulia ukawa mwekundu na wa moto, tukatafuta kidonda kingine, tukakipata hicho nacho. Ikawa ni mazoea. Akiugua, tunachemsha maji. Akipoa, tunakimbia.

Wakati huo alikuwa anajitayarisha kwa mashindano ya wilaya, ambayo mshindi wake angekwenda Mombasa kwenye mbio za mkoa. Hakuficha kwamba alitaka hilo kuliko cheti cha ualimu. Alikuwa ameshaazima fulana nyeupe, akaifua na kuikunja chini ya mto.

Jioni moja tulikuwa tumekaa kitandani kwake, mmoja wetu akimkanda.

"Bwana wee, mguu huu umenona kuliko wewe mwenyewe," akasema huyo.

"Ni ule uji wa jikoni," akajibu, "haukai tumboni, unashuka chini."

Tukacheka. Yule aliyekuwa akikanda akaondoa kidole gumba, na pale kilipokuwa kimebonyeza, juu ya kifundo, pakabaki shimo. Tulilitazama tukingoja lijae. Lilikaa vile vile, kama unapobonyeza donge la mahamri.

Naye alilitazama. "Babu yangu mzaa mama alianza hivi," akasema.

Kila mmoja wetu alikuwa na mtu kijijini mwenye matende, mguu umejaa kama shina la mti, ngozi imekuwa kavu na ngumu. Tuliwazoea tangu utotoni kama tunavyozoea uzee wenyewe.

"Aa, babu alikuwa mzee," mmoja akasema.

"Alianza hajaoa."

Jumamosi nilimsindikiza hospitalini Msambweni. Daktari alikuwa mtu mpole, na alituchukulia kama wanafunzi wake. Alitwambia kwamba mbu wanaotuuma usiku hutia mwilini vijidudu, navyo hukaa katika mishipa na kuiziba kwa miaka, na mitoki ile na homa zile zilikuwa ni zao, si za vidonda. Vidonge vingewaua wadudu. Mguu alitakiwa auoshe kwa sabuni, aupumzishe na kuuinua.

"Na mbio?" akauliza mwenzangu.

"Hizo usizitazamie."

"Nikipumzika mwaka mzima?"

"Ukipumzika, mwanangu, utabaki na mguu wa kutembelea. Mimi nakuombea huo."

Vidonge alivimeza, lakini kupumzika alikataa. Siku ya mashindano ya wilaya aliufunga mguu kwa kitambaa tangu kifundo hadi chini ya goti, akavaa fulana yake nyeupe, akakimbia. Alishinda. Nasema alishinda, na tulimbeba mabegani tukaimba hata sauti zikakauka, na mwalimu wa michezo, Mwingereza asiyecheka ovyo, alimpa mkono mara mbili. Kulipokucha alikuwa na homa inayomfanya aweweseke, na mguu ulikuwa umejaa hata kitambaa tulikikata kwa mkasi. Alikwenda Mombasa kijana aliyekuwa wa pili. Mguu haukurudi kama ulivyokuwa.

Kazi yangu maisha yangu yote imekuwa ni kuwatia watu moyo. Mtoto akishindwa na hesabu namwambia jaribu tena, utaweza, na mara nyingi huweza. Nilikaa na yule rafiki yangu barazani, mguu wake juu ya kigoda, wenzetu wakikimbia mbele yetu. Nikamwambia atapona.

"Usinifanyie ualimu," akasema, bila ya hasira.

Niliendelea kwenda kiwanjani kwa muda, kwa kuwa yeye mwenyewe alinifukuza niende. Lakini nilikuwa nayaona macho yake yakifuata miguu yangu, miguu mizima isiyo na kipaji chochote, na furaha ikanitoka. Nikaacha kukimbia, wala hakuuliza kwa nini.

Miaka ilipopita, sote tukiwa walimu, nilimtembelea katika skuli aliyokuwa akisomesha, karibu na mashamba ya miwa ya Ramisi. Alikuwa amevaa suruali ndefu, upande mmoja umeshonwa mpana kuliko wa pili. Watoto walimpenda, niliona. Tulizungumza juu ya wake zetu, mvua, bei ya bati, mtihani. Michezo hakuna aliyeigusa. Jua lilipopoa alisema atanisindikiza hadi barabarani, nami nikashukuru. Njia ilikuwa fupi, na yeye alikuwa akiuvuta ule mguu, anaupumzisha, anauvuta tena. Nilijaribu kupunguza mwendo pole pole ili asione. Nikainama kama ninayefunga kiatu, nikasimama kuutazama muwa uliokatwa.

Akaona.

"Tangulia, sahibu," akasema. "Mimi nitakufikia."