Finjani ya Bingwa

Harufu ya kahawa yenye iliki imenipokea mlangoni kabla sijavua viatu, na ule wivu wa utotoni umenipanda upya kifuani.

Nililelewa na bibi katika nyumba hii hii, hapa mjini Ibra. Mtoto wa ami yangu alikuwa akija kutoka mji wa Sur na kanda ya video ya mieleka kwapani, basi watoto wa mtaa mzima humzonga yeye. Kwake hakuna mwanamieleka aliyewahi kumfikia Mwenye Kinyago. Mimi wangu alikuwa Jabali, ndevu mpaka kifuani.

"Jabali mzito tu, hana ufundi," alisema siku moja.

"Na huyo wako mbona anaficha uso?"

Tulibishana mpaka sauti zikatukauka. Bibi alikuwa ametazama nasi kanda nzima, akiwaombea dua wanamieleka wote wawili wasivunjike.

"Bibi, tuamulie wewe," nikasema. "Nani bingwa?"

Alinyanyua dele la kahawa, akamimina finjani ya kwanza, akampa mtoto wa ami yangu.

Nilitoka uani nikalia. Bibi akanifuata. "Mgeni ndiye anayeanza kupewa, mwanangu. Wewe ni wa nyumbani."

Sikumwamini hata kidogo.

Sasa mtoto wa ami yangu ndiye mwenye nyumba. Amekaa pale pale alipokuwa akikaa bibi, dele mkononi, ananiuliza kama bado namshikilia Jabali. Kabla sijajibu, amenimiminia mimi finjani ya kwanza.