Jina la Safari Halimo Kwenye Daftari la Chama

Kosa la wengi hapa shamba la ngano ni kudhani kwamba ukiajiriwa tu, tayari ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi.

Zamani ilikuwa hivyo. Sheria imebadilika. Sasa unachagua mwenyewe na kujaza fomu.

Leo nimempeleka Safari, dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, ofisi ya chama. Shamba letu hili la serikali linauzwa, yeye amepunguzwa kazi, na Ijumaa anatolewa kwenye nyumba ya kambi pamoja na watoto wake.

Katibu akapekua daftari.

"Mzee, huyu hayumo. Siwezi kumtetea."

Safari akanigeukia. "Mzee, si wewe uliyesema fomu ni ya vibarua wapya?"

Ni mimi. Sheria ilipobadilika nilimweleza hivyo kwa kirefu, naye akanishukuru.

Anayejua njia yoyote ya kumsaidia aniandikie hapa.

Nawe uliye bado kazini, nenda leo ukajaze fomu yako.